Mkuki Wenye Usinga wa Ng'ombe

Mkuki wa kale wa Waherero wa Namibia ni mzito kuliko macho yanavyodhani. Iliyo bora ilifuliwa kwa chuma kitupu, bapa na mti pamoja, ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Mingine ilitiwa mti wa kawaida. Bapa lake ni pana, urefu wake futi moja hivi, na kwenye mti hufungwa usinga, yaani shada nene la singa za mkia wa ng'ombe. Katika maghala ya makumbusho ya Ulaya mkuki wa namna hiyo aghalabu huwa na kibandiko chenye mstari mmoja: aina ya kitu, jina la kabila, jina la koloni, na jina la Mzungu aliyeuleta. Pengine huongezwa maneno mawili matatu ya kueleza kazi yake, kwamba ni mkuki wa vita au wa kuwindia. Jina la mhunzi halipo. Jina la mwenye mkuki halipo. Ng'ombe naye hatajwi, ingawa mkia wake bado unaning'inia pale pale.

Nimeifuata njia ya mkuki huo tangu ulipotoka motoni hadi ulipofungiwa ghalani, kwa kupitia vitabu vya wasafiri, amri za serikali ya Ujerumani, iliyoitawala nchi hiyo kama koloni, na kumbukumbu za vita vya 1904 kati ya Wajerumani na Waherero. Kadiri nilivyoifuata, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba kibandiko kile kinapotosha, na kwamba upotoshaji wake umesaidia kuficha mambo makubwa kuliko mkuki wenyewe.

Njia hii haianzii kwa Waherero. Inaanzia kaskazini yao, kwa Waovambo, katika nchi tambarare ambayo leo imekatwa na mpaka wa Namibia na Angola. Waovambo walikuwa wakulima, wafugaji na wahunzi. Mawe yao ya chuma yalitoka upande wa Waovambo wenzao, Wakwanyama, katika vilima ambavyo sasa vimo Angola. Huko mawe yaliyeyushwa kwa makaa na mivukuto, chuma kikafuliwa majembe, visu, shanga, pete na mabapa ya mikuki. Chumvi waliipata kwenye mabonde ya Etosha. Shaba ilichimbwa na Wasani upande wa Otavi na Tsumeb, ikabadilishwa na watu wa Ondonga, mmoja wa falme za Waovambo. Hii ilikuwa nchi ya biashara zamani sana kabla meli ya kwanza ya Mjerumani haijatia nanga ufukweni.

Mwaka 1850 Mwingereza Francis Galton na kijana wa Kiswidi, Charles John Andersson, walishuka Walvis Bay na kuingia bara. Mwaka uliofuata walikutana na msafara wa wafanyabiashara wa Kiovambo waliokuwa wameteremka hadi kwa Waherero. Wafanyabiashara hao walibeba bidhaa zao kwenye miti ya mabegani, vifurushi vikining'inia mbele na nyuma, na ndani yake mlikuwa na mabapa ya mikuki, visu, pete na shanga za chuma na shaba. Walichotaka ni ng'ombe. Galton na Andersson waliandamana nao walipokuwa wakirudi kaskazini na mifugo waliyoipata, wakafika hadi kwa Mfalme Nangolo wa Ondonga. Chuma kilishuka kusini, ng'ombe wakapanda kaskazini, na biashara hiyo ilikuwa na njia zake, visima vyake na heshima zake.

Kwa hiyo mkuki ulioandikwa "wa Waherero" una jasho la watu wawili ndani yake. Chuma chake, na mara nyingi hata kazi ya kukifua, ni ya Waovambo. Usinga wake ni wa zizi la Mherero. Tena anayeutafuta katika madaftari ya zamani akitazama chini ya jina Herero peke yake ataukosa mara nyingi, kwa sababu Wazungu wa wakati wa Galton waliwaita Waherero "Damara", jina ambalo kwa haki ni la watu wengine kabisa wa nchi hiyo hiyo, na nchi yao wakaiita Damaraland. Mikuki iliyofika Ulaya katika miaka hiyo ilifika na jina hilo.

Je, ulikuwa mkuki wa kuwindia? Andersson aliishi miaka mingi katika nchi hiyo na akafia huko mwaka 1867. Katika kitabu chake cha 1856 kuhusu safari ya ziwa Ngami alieleza kwamba chuma cha mkuki huu kilikuwa laini, na kwamba wenyewe waliutumia sana kama kisu. Ukifikiri namna walivyoishi, jambo hilo linaeleweka mara moja. Waherero walikuwa wafugaji wa ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Chakula chao cha kila siku kilikuwa maziwa yaliyogandishwa kwenye vibuyu. Ng'ombe hakuchinjwa ovyo. Alichinjwa kwa sababu, ama mazishi, ama arusi, ama tambiko mbele ya moto mtakatifu, okuruuo, uliokuwa ukitunzwa katika kila boma la mkubwa wa ukoo. Na hata hapo hakuchomwa mkuki. Alizibwa pumzi, kama wanavyofanya mpaka leo Wahimba wa Kaoko, ndugu zao wa damu na lugha. Baada ya hapo nyama ilihitaji kukatwa, na bapa pana lenye makali pande mbili lilikuwa mkononi tayari.

Kuhusu uwindaji, jamii hiyo ilikuwa na msimamo ambao kibandiko hakiujui. Mtu aliyelazimika kutegemea wanyama wa mwituni na mizizi ya porini alikuwa mtu aliyekosa ng'ombe. Watu hao waliitwa Ovatjimba, na jina hilo lilibeba huruma na dharau kwa pamoja. Mkuki wa chuma kitupu, ulionunuliwa kwa mifugo na kupambwa kwa mkia wa ng'ombe, hauwezi kuwa kitambulisho cha mtu wa namna hiyo. Ni mali ya mtu mwenye zizi. Simkatazi mchungaji wa Kiherero kumchoma swala aliyempita karibu, wala kumkabili simba aliyevamia ndama wake, na bila shaka mikuki ilifanya kazi hizo pia. Lakini kumwita mwenye mkuki huu mwindaji ni kumvua ng'ombe wake wote kwa maneno, kabla hawajaporwa kwa bunduki.

Maana ng'ombe ndiye aliyekuwa kipimo cha maisha yao yote. Waherero wana majina mengi ya rangi na mabaka ya ng'ombe, na bado wanayasema. Koo za upande wa baba zilikuwa na miiko yake kuhusu rangi na umbo la ng'ombe, yupi afugwe na yupi asiliwe. Mkubwa alipofariki, ng'ombe wake kadhaa walichinjwa, na mafuvu yenye pembe yakatundikwa karibu na kaburi lake. Msafiri aliyepita alijua kwa kutazama pembe zile ni mtu wa kiasi gani aliyelala pale. Usinga kwenye mkuki ulisema neno lile lile kuhusu mtu aliye hai.

Huo ndio mkuki. Sasa nataka kueleza jambo ambalo lilinishangaza zaidi katika safari hii ya vitabu: wakati makumbusho ya Ujerumani yalipoanza kuikusanya mikuki hii kwa pupa, Waherero walikuwa wamekwisha kuiacha kama silaha ya vita.

Bunduki zilianza kuingia kwao kwa wingi katika miaka ya 1860. Andersson mwenyewe alikuwa na mkono katika hilo. Alikuwa na duka na kambi ya biashara Otjimbingwe, na vita vilipozidi kati ya Waherero na watu wa ukoo wa Jonker Afrikaner kutoka kusini, alijiunga na Waherero, akawapatia silaha na kuongoza jeshi lao vitani Juni 1864. Alipigwa risasi ya mguu, jeraha ambalo halikumwacha mpaka alipokufa. Kuanzia hapo bunduki, baruti na farasi vikawa mali ya kila mkuu, na malipo yake yalikuwa ng'ombe. Kufikia mwisho wa karne, wakuu wa Okahandja na Omaruru walikuwa na magari ya kukokotwa na maksai, nyumba za matofali, barua zilizoandikwa kwa Kiherero na kwa Kijerumani, na watoto waliosoma shule za misheni. Mchungaji Carl Hugo Hahn wa Misheni ya Rhein alikuwa amefika nchini tangu 1842, naye na wenziwe walikuwa wameiweka lugha ya Kiherero katika maandishi.

Mwaka 1896 yalifanyika maonyesho makubwa ya makoloni katika bustani ya Treptow, Berlin. Watu 106 kutoka makoloni ya Ujerumani waliletwa waonyeshwe kwa umma. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki, Waswahili na Wamasai, waliowekwa katika vijiji vya maonyesho. Walikuwamo pia Waherero wachache na jirani zao wa kusini, Wanama, na mmoja wa Waherero hao alikuwa Friedrich Maharero, mtoto wa Samuel Maharero, mkuu wa Okahandja. Watayarishaji walitaka wavae ngozi na washike silaha za jadi. Waherero wakakataa. Walikuwa wamekuja kama wajumbe, wakitaka kuonana na Kaisari na kuzungumzia mambo ya nchi yao, nao wakashikilia suti na kofia zao. Felix von Luschan, mtaalamu wa idara ya Afrika katika Jumba la Makumbusho ya Mataifa la Berlin, ndiye aliyekuwa akiwapima na kuwapiga picha watu wa maonyesho kwa ajili ya sayansi yake. Picha za Waherero hao zipo hadi leo: wanaume wamesimama wima, tai shingoni, wakimtazama mpigapicha machoni.

Natamani kila mtu anayeutazama mkuki wa Kiherero katika kabati la kioo aione kwanza picha hiyo. Friedrich Maharero alikuwa Berlin, mzima, akizungumza, akieleza anachotaka. Jumba la makumbusho halikuwa na mahali pa kumweka mtu kama yeye. Lilikuwa na mahali pa mkuki.

Na mahali hapo palikuwa pamekwisha kuandaliwa kwa amri. Mwaka 1889 Baraza la Shirikisho la Ujerumani liliamua kwamba vitu vyote vitakavyokusanywa na misafara iliyogharimiwa na serikali katika makoloni vipelekwe kwanza Berlin. Miaka miwili baadaye uamuzi huo ulipanuliwa ukawahusu na maofisa wa serikali na wa jeshi. Berlin ilichagua ilichokitaka. Vilivyofanana na vilivyokwisha kuwapo viliweza kugawiwa makumbusho ya miji mingine. Hapo ndipo njia yetu inapogawanyika vijia vingi. Stuttgart, Karl von Linden aliwavutia maofisa wampe yeye vitu, akawatafutia nishani za mfalme kama shukrani. Hamburg, kampuni ya Umlauff ilinunua vitu kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara na kuviuzia makumbusho ya ndani na nje ya nchi. Wamisionari walikuwa na makumbusho yao Wuppertal. Mkuki mmoja uliweza kupita mikono minne au mitano, na kila mkono ukaangusha sehemu ya habari yake njiani.

Mwaka 1899 von Luschan alichapisha mwongozo wa kukusanya vitu Afrika na visiwa vya Oceania, uwasaidie maofisa na madaktari waliokuwa kazini huko. Alitaka habari kamili: kitu kinaitwaje, kinatengenezwaje, kinatumikaje. Kwa upande huo alikuwa mtaalamu makini, na wengi waliomletea vitu hawakumtii. Lakini yeye na kizazi chake walikuwa na hamu ya vitu ambavyo havijaguswa na Ulaya, wakiamini kwamba tamaduni hizo zinakaribia kufa na lazima mabaki yake yaokolewe. Bunduki ya Mherero, kofia yake, gari lake, barua yake, vyote hivyo havikuwa na thamani kwa mkusanyaji. Kabati likajaa mikuki, marungu, mishipi ya ngozi na kofia za wanawake zenye ncha tatu, na mtazamaji wa Berlin akaondoka akiamini kwamba ndivyo Waherero walivyo leo.

Wakati huo huo zizi lilikuwa likiteketea. Mwaka 1897 sotoka iliingia kutoka kaskazini na mashariki, ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Waherero. Wapo waliobaki bila hata mmoja. Watu walioishi kwa maziwa wakaanza kuuza ardhi. Wafanyabiashara wa Kizungu waliuza kwa mkopo, wakapandisha bei, kisha wakaja kuchukua ng'ombe kwa nguvu kulipiza deni. Mwaka 1903 gavana wa koloni, Theodor Leutwein, alitoa amri ya kuweka kikomo cha mwaka mmoja kwa madeni hayo. Nia ilikuwa kuyapunguza, lakini wafanyabiashara wakakimbilia kukusanya yote kabla muda haujaisha, na mazizi yakavamiwa kuliko kwanza. Reli ya Swakopmund hadi Windhoek ilikuwa imekamilika mwaka uliotangulia, na walowezi walikuwa wakishuka kwa kila meli.

Tarehe 12 Januari 1904 vita vilianza Okahandja. Waherero walipigana kwa bunduki, na kwa marungu walipokaribiana. Kwa miezi kadhaa jeshi la Leutwein halikuweza kuwashinda, na Berlin ikamtuma mtu mwingine.

Msomaji wa Tanzania anamjua mtu huyo, au angepaswa kumjua. Lothar von Trotha alikuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki kuanzia 1894 hadi 1897, miaka ambayo Wahehe wa Mkwawa walikuwa wakipigwa vita. Alifika Swakopmund Juni 1904. Leutwein alipomweleza kwamba inafaa kuzungumza na wakuu wa Waherero, von Trotha alimjibu kwa barua kwamba makabila ya Afrika anayajua vya kutosha, na kwamba yanatii nguvu peke yake. Ujuzi huo aliojivunia, sehemu yake kubwa aliupata katika ardhi yetu.

Tarehe 11 Agosti 1904 alishambulia Ohamakari, chini ya mlima Waterberg, mahali ambapo maelfu ya Waherero walikuwa wamekusanyika na jamaa zao na mifugo yao. Waliosalimika walikimbilia mashariki, katika nyika kavu ya Omaheke. Wanajeshi wakawafuata na kushika visima. Njia za kukimbilia zilijaa mizoga ya ng'ombe, maiti za watu, na vitu vilivyotupwa na waliokuwa wakifa kwa kiu: ngozi za kulalia, vibuyu, mapambo, vyombo vya nyumbani. Tarehe 2 Oktoba von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayekutwa ndani ya mipaka ya koloni, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi, na kwamba wanawake na watoto wafukuzwe warudi kwa watu wao au wapigwe risasi. Kurudi kulimaanisha jangwani. Amri hiyo ilifutwa na Berlin baada ya miezi miwili. Baadaye waliokamatwa walipelekwa kwenye kambi za mateso na kazi za sulubu, Windhoek, Okahandja, Swakopmund, na Kisiwa cha Papa huko Lüderitz ambako upepo wa bahari ya baridi uliua kila usiku. Hesabu ya jeshi lenyewe inasema kwamba wafungwa 7,682 walikufa kati ya Oktoba 1904 na Machi 1907, katika wafungwa wapatao 17,000, Waherero na Wanama. Kwa jumla inakadiriwa kwamba kati ya Waherero 80,000 waliokuwapo kabla ya vita, 65,000 hivi waliangamia, na nusu ya Wanama 20,000.

Katika miaka hiyo hiyo vitu vya Waherero viliendelea kufika Ujerumani. Wanajeshi waliokota, walipora, walinunua kwa mtu mwenye njaa. Meli za kampuni ya Woermann zilizoleta farasi na askari zilirudi Hamburg, na safari hizo zilichukua pia mafuvu. Wanawake katika kambi walilazimishwa kukwangua nyama kwenye vichwa vya wafu wao kwa vigae vya chupa, kisha mafuvu yakapakiwa masandukuni yapelekwe vyuoni na kwenye makumbusho ya Berlin. Von Luschan alikuwa miongoni mwa walioandika barua kuyaomba. Idara iliyopokea mkuki na chumba kilichopokea fuvu havikuwa mbali, na mara nyingine mkono uliovituma ulikuwa mmoja.

Kisha sheria ikamaliza kazi. Kwa amri za Desemba 1905 na baada yake, ardhi ya Waherero ilitaifishwa. Kanuni za 1907 zikawakataza Waafrika wa sehemu hiyo ya koloni kumiliki ardhi au ng'ombe bila ruhusa ya gavana, na kila mtu mwenye zaidi ya miaka saba alilazimika kuvaa kipande cha bati chenye namba. Mtoto wa mwenye mkuki wa chuma akawa mtu asiyeruhusiwa kuwa na ndama. Samuel Maharero alikuwa amevuka Omaheke na watu wachache hadi Bechuanaland, ambako Watswana waliwapokea, na wajukuu wao wako Botswana mpaka leo. Alifariki Serowe mwaka 1923, na mwili wake ukarudishwa Okahandja kuzikwa na wazee wake. Mazishi hayo ya 26 Agosti 1923 ndiyo mwanzo wa siku ambayo Waherero wanakusanyika kila mwaka hapo Okahandja, wanaume katika sare za kijeshi, wanawake katika magauni mapana na vilemba vyenye pembe mbili kama za ng'ombe.

Ghalani mkuki nao ulikuwa na maisha yake. Singa za mkia huliwa na nondo, kwa hiyo makumbusho yalinyunyizia vitu vya nywele na ngozi dawa kali, aseniki na baadaye sumu nyingine za wadudu. Sumu hiyo haijatoka. Leo anayetaka kushika kitu cha babu yake katika maghala mengi ya Ujerumani huvaa glavu, na pengine barakoa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sehemu ya makusanyo ya Berlin ilihamishwa ili isipigwe mabomu. Maelfu ya vitu vikachukuliwa na jeshi la Kisovieti hadi Leningrad, vikarudishwa Leipzig miongo mitatu baadaye, na Berlin tu baada ya Ujerumani kuungana. Kwa kila uhamisho vibandiko vingine vilidondoka.

Sisi Waafrika Mashariki tunaijua biashara ya kurudishiwa chetu kwa vipande. Fuvu la Mkwawa lilitajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, likarudi Kalenga mwaka 1954, kutoka makumbusho ya Bremen, miaka 56 baada ya kifo chake. Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa Machi 1900, bado anatafutwa na jamaa zake. Namibia ilirudishiwa mafuvu 20 mwaka 2011, na mengine 2014 na 2018. Biblia na mjeledi wa Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama, vilivyoporwa Hornkranz mwaka 1893 katika shambulio lililoua wanawake na watoto, vilirudi kutoka Stuttgart mwaka 2019.

Na vitu vya kawaida, mikuki, mishipi, wanasesere? Makumbusho ya Berlin yana vitu kama 1,400 vya Namibia. Watafiti na wasanii wa Namibia walialikwa kuvipitia, wakiwamo wahifadhi wa makumbusho na mbunifu wa mavazi, marehemu Cynthia Schimming, Mherero aliyevitazama vitu hivyo kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake: mshono umepitaje, ngozi imelainishwaje. Naona kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mpya katika karne nzima ya makusanyo haya, kwamba aliyeulizwa kitu ni nini ni mtu ambaye bibi yake alikivaa. Mei 2022 vitu 23 walivyovichagua, mapambo, mavazi, zana na mwanasesere, vilitua Windhoek, kwanza kwa jina la mkopo wa utafiti. Mwezi uliofuata bodi ya taasisi inayomiliki makumbusho ya Berlin iliruhusu vibaki Namibia moja kwa moja. Katika kikao hicho hicho iliidhinisha mazungumzo ya kurudisha Tanzania vitu vilivyoporwa katika Vita vya Majimaji.

Nikiulizwa nini kifanyike na mkuki wenye usinga, ningeomba kwanza uandikwe upya, huko huko uliko, hata kabla haujasafirishwa. Uandikwe kwamba chuma chake ni cha wahunzi wa Kiovambo na kwamba kilinunuliwa kwa ng'ombe. Uandikwe kwamba ulikata nyama ya matambiko na kwamba mwenyewe alikuwa mfugaji. Utajwe mwaka ulioingia katika daftari, na mwaka huo ukiwa kati ya 1904 na 1908, yaandikwe na majina ya Ohamakari na Omaheke, maana hakuna kitu cha Mherero kilichopita mkono wa askari katika miaka hiyo kikiwa na bei ya haki. Hayo hayahitaji mkataba wa serikali mbili. Yanahitaji mhifadhi mwenye kalamu na Waherero wa kumsomea anachokiandika.

Kurudi kwenyewe kutachukua muda. Ujerumani haina sheria ya taifa inayolazimisha makumbusho kurudisha mali ya makoloni. Kila mmiliki, iwe jimbo, mji au taasisi, huamua peke yake. Tamko la pamoja la serikali za Ujerumani na Namibia la Mei 2021, lenye ahadi ya euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lilikataliwa na viongozi wengi wa Waherero na Wanama kwa sababu hawakushirikishwa ipasavyo, na kwa sababu neno fidia liliepukwa. Tangu 2023 suala hilo limefikishwa Mahakama Kuu ya Windhoek. Tarehe 28 Mei 2025 Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kitaifa ya kukumbuka mauaji hayo ya kimbari. Vitu 23 viko nyumbani. Vilivyobaki, zaidi ya elfu moja na mia tatu katika jumba moja tu la mji mmoja, bado vina namba za Berlin.